Kipimo mama

Fundi seremala aliniita chini ya mwembe akanionyesha fremu ya dirisha aliyoimaliza asubuhi ile. Tulikuwa Mkuranga, kwenye ujenzi wa bweni la wasichana. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, njoo uone kazi ya mchoro wako." Hakusema kwa ukali. Alichukua reli ya luva, ile ya alumini yenye vishikio vya vioo, akaisimamisha ndani ya fremu. Juu ikagoma. Ilizidi kwa upana wa kidole.

"Mchoro unasema vioo vinane," akasema. "Vinane haviingii. Nikiweka saba, linabaki pengo la kupita paka."

Nilikuwa na laptop begani. Nikaifungua palepale, nikaenda kwenye dirisha lenyewe ndani ya Revit, programu ya kompyuta ya kuchorea majengo, na humo vioo vinane vilikuwa vimekaa vizuri kabisa, hakuna kilichobanwa, hakuna pengo. Dirisha hilo nililitengeneza mwenyewe kwa siku tatu na nilikuwa nalionea fahari. Madirisha yalikuwa 22 kwenye jengo zima, na fremu nne zilikuwa zimekwisha kupigwa misumari kwa vipimo vyangu.

Kwa asiyefanya kazi hii, nieleze kidogo. Katika Revit, mlango, dirisha, sinki, hata kitanda cha kuchora chumbani huitwa familia. Familia ni kifaa kimoja ambacho vipimo vyake hubadilishwa bila kuchora upya. Ukiandika upana mwingine, fremu inasogea, kioo kinasogea, na jedwali la madirisha linajirekebisha lenyewe. Namba hizo zinazobadilika ndizo parameta, na parameta moja inaweza kuhesabiwa kutokana na nyingine kwa fomula. Programu huja na maktaba yake, na viwanda vya ng'ambo hutoa familia zao bure. Ila madirisha yao ni ya kwao: hayana grili, hayana wavu wa mbu, na mengi yamechorwa hadi uzi wa skrubu, kiasi kwamba ukiweka ishirini kompyuta inaanza kuhema. Ndiyo maana wengi wetu tunaofanya kazi huku hujikuta tunatengeneza za kwetu.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Nilianza na urefu wa dirisha. Nikauita milimita 1200 kwa sababu 1200 ni namba nzuri. Nikatoa mbao mbili za fremu, milimita 50 kila moja, zikabaki 1100. Kioo cha luva ni cha inchi 6, yaani milimita 152, na kila kioo hulala kidogo juu ya mwenzake, hivyo hatua kutoka kioo kimoja hadi kingine ni pungufu ya hapo. Kwenye reli ya yule mzee tulipima milimita 138. Fomula yangu ilitoa 152 kwenye 1100, ikagawanya kwa 138, ikaongeza kimoja. Jibu ni 7.87. Parameta ya idadi ni namba kamili, na Revit ikipewa 7.87 kwenye namba kamili hukadiria kwenda iliyo karibu. Ikasoma 8, bila onyo lolote.

Hilo peke yake lingeonekana kwenye mchoro, maana kioo cha nane kingetoboa fremu juu. Hakikutoboa kwa sababu ya jambo la pili. Unapopanga vitu kwa safu, programu inakuuliza: umbali unaotoa ni wa kufika cha pili, au wa kufika cha mwisho? Nilichagua cha mwisho. Maana yake nilimwambia: huyu wa kwanza yuko chini, yule wa mwisho yuko juu, walio katikati wagawane nafasi. Wakagawana. Hatua ikawa milimita 135.4 badala ya 138, na kwa macho huwezi kuona tofauti hiyo. Alumini iliyotobolewa kiwandani haijui kugawana. Vioo vinane vinataka milimita 1118 na fremu ilikuwa na 1100. Kidole kile kilichozidi ni milimita 18.

Nilimweleza mzee kwamba hesabu ilikadiriwa. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ukianza dirisha unaanza na nini?"

"Na urefu wake."

"Luva haina urefu. Luva ina idadi. Urefu unakuja wenyewe baada ya kuhesabu vioo. Kila kitu kina kipimo mama, na hicho ndicho cha kushika kwanza. Hivi vingine ni watoto, vinamfuata."

Mwashi aliyekuwa anachanganya udongo wa kujengea karibu nasi naye akatia neno. Alisema yeye uwazi wa dirisha hajengi kwa milimita, anajenga kwa kozi, yaani mstari mmojammoja wa matofali. Tofali lake likisimama pamoja na udongo wake hufika sentimita 25, kwa hiyo kozi tano ni 1250. Mchoro wangu ulitaka uwazi wa 1220, basi kila dirisha alikuwa ameacha kozi tano kisha akapandisha udongo wa sentimita tatu chini ili anifurahishe. Tukakaa wote watatu, mzee na kipande cha mkaa, tukaandika juu ya ubao. Vioo vinane, 1118. Fremu juu na chini, 100. Jumla 1218. Mwanya wa kuchezea wakati wa kufunga, 20. Jumla 1238. Kozi tano ni 1250. Zinabaki milimita 12, ambazo lipu huzimeza.

Yaani dirisha lenye vioo vinane na ukuta wa kozi tano vilikuwa vinapatana tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeingia katikati na namba yangu nzuri.

Mwashi akatoa ule udongo kwa tindo, kazi ya nusu siku. Fremu nne zilikatwa zikawa za stoo, za vioo vinne vinne. Lililonikaa moyoni ni kwamba watu wawili pale walilijua jibu, na mimi sikuwa nimewauliza kabla ya kufungua kompyuta.

Usiku ule niliifuta familia nzima nikaanza upya. Safari hii parameta ya kwanza niliyoiandika ilikuwa Idadi. Nyingine zote zikatoka humo:

Urefu_Vioo = (Idadi - 1) * Hatua + Kioo
Urefu = Urefu_Vioo + 2 * Ubao
Uwazi = Urefu + Mwanya
Kozi = roundup(Uwazi / Kozi_Moja)
Mabaki = Kozi * Kozi_Moja - Uwazi

Neno roundup hupandisha jibu hadi namba kamili inayofuata. Ukitazama, hakuna mahali mtu anaweza kuandika urefu wa dirisha. Mwenzangu ofisini alilalamika kwanza, kwamba mteja akitaka dirisha la 1200 atafanyaje. Jibu langu lilikuwa kwamba dirisha la luva la 1200 kwa mbao hizi halipo duniani, na ni afadhali mchoraji alijue hilo mezani kuliko seremala alijue chini ya mwembe. Kwa safu ya vioo nilichagua umbali wa kufika cha pili, na umbali huo nikaufunga na Hatua. Sasa reli ikibadilika, namba ni moja tu ya kubadilisha.

Mambo madogo ya kuandika fomula yalinila muda zaidi ya hesabu yenyewe. Jina la parameta halitakiwi kuwa na alama ya kutoa ndani yake, kwa sababu programu inaweza kudhani unatoa, ndiyo maana natumia kistari cha chini. Herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti: Hatua na hatua hazijuani. Na vipimo havichanganywi. Urefu ukigawanywa kwa urefu unatoa namba tupu, na namba tupu ndiyo inayotakiwa kwenye idadi ya kozi. Ukisahau kugawanya, inakataa na kusema vizio havilingani, na mwanzoni utadhani fomula yote ni mbovu kumbe kilichokosekana ni kizio kimoja.

Kilichonisaidia zaidi ya vyote ni kujenga mifupa kabla ya nyama. Zamani nilikuwa nachora mbao ya fremu kwanza, halafu naihangaikia ili isogee. Sasa nachora bapa za rejea peke yake, zile nyuso zisizoonekana kwenye mchoro wa mwisho: bapa la kushoto, la kulia, la chini, la juu, la uso wa kioo. Napima kati yake, navipa vipimo hivyo majina ya parameta, kisha naiyumbisha: idadi tatu, idadi kumi na mbili, upana sentimita 40, upana sentimita 90. Mifupa ikisimama katika hali zote hizo ndipo naweka mbao, na kila uso wa mbao naufunga kwenye bapa lake, kamwe si kwenye uso wa mbao nyingine. Nilipokuwa nafunga kitu kwa kitu, nilipata ule ujumbe wa kwamba masharti hayawezi kutimizwa, na chini yake kitufe cha kuyaondoa. Ogopa kitufe hicho. Ukikibonyeza ujumbe unaondoka, na pamoja nao inaondoka kamba iliyoshikilia dirisha lako. Utagundua wiki mbili baadaye upana ukibadilishwa na kioo kimoja kikabaki nyuma.

Kioo nilikifanya familia ndogo inayokaa ndani ya ile kubwa. Kinatakiwa kuzunguka, kufunga na kufungua, na hapo bapa la rejea halifai. Bapa halina mwanzo wala mwisho, basi halina pa kuzungukia. Mstari wa rejea una ncha. Unaishika ncha moja mahali pake, unaipa pembe parameta, na kioo kilichochorwa juu ya mstari huo kinafuata. Nilihangaika na hili jioni mbili kabla ya kuelewa tofauti hiyo, na nalitaja kwa sababu sijawahi kukutana na mtu aliyelielewa siku ya kwanza. Vishikio vya alumini sikuvichora. Dirisha moja lina vioo vinane, 22 yana 176. Ukiongeza vishikio viwili kwa kila kioo unachora vitu 352 ambavyo hakuna atakayevitazama. Grili na wavu niliviwekea ndiyo au hapana, kwa kuwa stoo haikuhitaji wavu. Upana nao niliuwekea kikomo cha sentimita 90, kwa neno la mzee kwamba kioo kirefu kuliko hapo hutikisika kwenye vishikio na upepo wa masika hukivunja.

Kuna kosa jingine la kipindi kilekile, na hili halikuwa la hesabu. Tulikuwa wawili kwenye mchoro, mimi nikiwa na madirisha na mwenzangu akiwa na milango yenye luva juu yake. Tulipotoa jedwali la kununulia vioo, safu ya idadi ilijaa kwa madirisha na ikawa tupu kwa milango. Jina lilikuwa lilelile, Idadi_Vioo, herufi kwa herufi. Ili parameta uliyoitunga ndani ya familia ionekane kwenye jedwali, sharti iwe parameta ya kushirikiana, na hizo huandikwa kwenye faili la maandishi ya kawaida ambalo ukilifungua utaona kila jina lina kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu mbele yake. Programu inatambua kitambulisho. Jina ni kwa ajili yetu sisi. Mwenzangu alitunga yake kwenye faili lake, na mimi langu, basi zilikuwa parameta mbili tofauti zilizofanana majina kama wajukuu wawili waliopewa jina la babu mmoja. Tangu hapo ofisi ina faili moja tu, na anayetaka parameta mpya anauliza kwanza kama ipo. Tulirudia familia sita za milango. Yeye alizirudia nne, mimi nikachukua mbili, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kumwambia mwenzake.

Bweni lilipofika kwenye lenta, mwalimu mlezi aliomba kinga ya jua juu ya madirisha. Jengo limelala vizuri, pande ndefu zikitazama kaskazini na kusini. Kwenye michoro yetu ya zamani kinga hizo zilikuwa sentimita 60 pande zote, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kuandika 600. Nikaurudisha. Kipimo mama cha kinga ya jua ni kipi?

Ni jua. Mkuranga iko karibu nyuzi 7.1 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua likiwa juu kabisa linakuwa limeegemea kaskazini nyuzi 30.5 kutoka utosini, na mwishoni mwa Desemba linaegemea kusini nyuzi 16.3. Hizo ni 23.44 za mwinamo wa dunia, ukijumlisha latitudo kwa upande wa kaskazini na kuitoa kwa upande wa kusini. Familia ya kinga ikawa na fomula moja: kina ni uwazi wa dirisha mara tan ya pembe hiyo, na kisanduku cha ndiyo au hapana cha kuchagua upande. Kwa uwazi wa 1250, kaskazini ilitoka sentimita 74, kusini 37. Yaani ile 60 yetu ilikuwa fupi upande mmoja na upande wa pili tulikuwa tunamwaga zege na nondo bure. Mashariki na magharibi familia hii haitumiki kabisa, kwa sababu huko jua huja chini, usawa wa macho, na ubao wa juu hauwezi kulizuia. Kwenye zile kuta fupi mbili tuliacha ukuta mtupu na tukapanda miti.

Mzee hakuamini 74. Nami sikutaka aamini kwa sababu ya kompyuta. Tarehe 21 Juni tulichukua ubao, tukaukata sentimita 74 kutoka usawa wa kioo, vijana wawili wakaushika juu ya dirisha la kaskazini. Saa sita kamili kivuli kilikuwa kinakaribia. Ukanda wa pwani yetu, mwezi huo jua hufika juu kabisa dakika ishirini na kitu baada ya saa sita ya saa ya ukutani, hivyo tulisubiri. Kivuli kikashuka hadi kwenye kizingiti cha dirisha kikatulia hapo. Mzee akaweka alama ya mkaa ukutani. Kisha akauliza jambo ambalo sikulifikiria: "Na saa tatu asubuhi?" Nikarudi kwenye fomula. Asubuhi jua liko chini zaidi na linakuja kwa upande, na kwa kinga ya 74 sehemu ya chini ya dirisha, kama futi moja na kitu, hupata jua. Kulizuia kungetaka mita moja na ushee. Tulimwuliza mwalimu mlezi, akasema saa hizo wasichana wako madarasani na godoro likipata jua kidogo ni jambo jema. Ikabaki 74.

Mwaka uliofuata tulipata kazi ya bweni jingine, Arusha, nami nikachukua familia zangu zote mbili. Kwenye kinga nilibadilisha latitudo tu, 3.4, na kwa uwazi uleule ikatoa 63 kaskazini na 46 kusini. Dirisha sikuligusa. Nilimpigia simu kwanza mwashi wa huko, nikamwamkia, nikamwuliza kozi yake moja hufika ngapi. Akaniambia nisikate, akaenda ukutani na futi. Sentimita 24. Nikaandika 240 kwenye Kozi_Moja, na palepale vioo vinane vikadai kozi sita na kuacha Mabaki ya milimita 202, pengo la kujaza kwa udongo mtupu. Nikapandisha Idadi hadi tisa: uwazi 1376, kozi sita zilezile, mabaki 64. Ubao wa kizingiti mnene kidogo na lipu vingetosha hapo.

"Kaka, tukiweka vioo tisa kwa kozi sita inakuwaje?"

Alikuwa bado amesimama ukutani. Nikasikia futi ikivutwa.